Namba za Upande wa Baridi

Ngoingwa, Thika
Jumapili, 9 Machi 2025

Dada yangu mpendwa Rachael,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu huku Thika. Natumaini barua hii itakukuta na afya, wewe na Baba Emmah, na Emmah mwenyewe. Mgongo unaendeleaje? Mami aliniambia juma lililopita kwamba bado unakusumbua ukikaa kwenye vile viti vidogo vya watoto wa nasari, na kwamba daktari amekukataza kubeba mitungi. Nikajiuliza, na vile maji huko Gatongora hukatwa siku tatu mfululizo, nani anabeba? Mami akasema ni Baba Emmah, asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki kwenda kazini.

Mami hajambo. Goti lake limepungua kuvimba tangu aanze zile dawa mpya. Huku joto ni kali, vumbi limejaa kila mahali, na watu wanaangalia juu wakingojea mvua ya Machi. Mimi mwenyewe mwili uko sawa. Nalala, nakula, naenda kufundisha. Kuhusu hayo mengine nitakueleza.

Najua utashangaa kupata barua. Siku hizi nani anaandika barua? Ningeweza kukupigia, lakini nikisikia sauti yako nitaanza kulia, wewe utanibembeleza kama kawaida yako, na nitasema nusu tu. Ningeweza kukuandikia kwa WhatsApp, lakini ujumbe wa huko naweza kuufuta kabla hujausoma, na ninajijua. Kwa hivyo nimenunua daftari na kalamu, nimekaa mezani tangu nitoke kanisani. Nakuomba uisome ukiwa peke yako, na uisome mpaka mwisho, hata ukifika mahali utakapotaka kuichana.

Wacha nianze na mambo ya chuoni, maana huko ndiko yameanzia. Kuna mwanafunzi wangu anaitwa Dianah. Si msichana mdogo, ni mtu mzima wa miaka thelathini na minne, ana watoto wawili, na mchana huuza rangi, na thina ya kuizimua, katika duka moja Makongeni. Alikuja kusoma kemia kwa sababu, alivyoniambia, amevuta harufu ya thina miaka tisa na anataka kujua anavuta nini. Mwaka huu ilipofika wakati wa kuchagua mradi, alitaka kupima ni kiasi gani cha toluini kinachoyeyuka majini. Toluini ndicho kile kimiminika chenye harufu kali kinachotiwa kwenye thina. Alitaka kupima kwenye maji baridi, maji ya kawaida na maji ya moto, aone tofauti.

Nilijaribu kumgeuza. Nilimwambia achague kitu rahisi, apime chumvi au magadi. Akakataa. Akasema watu wa dukani huosha brashi na kumwaga maji mtaroni wakisema mafuta hayaingii majini, basi maji ni safi, na yeye anataka kujua kama hayaingii kweli. Sikuwa na sababu ya kumkatalia ambayo ningeweza kuitaja kwa sauti.

Umeshaona ninakokwenda, Rachael. Ndiyo. Ni kazi ile ile niliyokuwa nikiifanya mwaka wa 2018 nikitafuta digrii yangu ya pili, katika ile maabara ambayo Baba Emmah alikuwa fundi wake.

Dianah alifanya kazi kwa makini sana. Unaweka maji na toluini kwenye chupa, unatikisa, unazamisha chupa kwenye tangi dogo la maji linaloshikilia joto lile lile, unaacha siku mbili zitulie. Toluini inapanda juu, maji yanabaki chini. Halafu unachota yale maji ya chini kwa sindano ndefu, polepole sana, usije ukabeba tone la juu, na unayapeleka kwenye mashine ikwambie kilichoyeyuka ni kiasi gani. Ni kidogo mno. Katika lita nzima hakifiki gramu moja. Lakini kipo.

Alhamisi moja mwezi uliopita alikuja ofisini macho yamemwiva. Akaniambia ameharibu. Upande wa joto namba zake zilikuwa zinapanda vizuri, kadiri maji yalivyopata moto ndivyo toluini ilivyoyeyuka zaidi, kama sukari kwenye chai. Lakini upande wa baridi zilikuwa zimemgeuka. Maji ya nyuzi tano yalikuwa yameyeyusha zaidi kuliko maji ya nyuzi kumi na tano. Alirudia mara tatu, zikatoka hivyo hivyo. Akaniuliza, sauti ikiwa chini kabisa, "Mwalimu, sasa nifanye nini? Nizirekebishe kidogo zikae sawa na zingine?"

Nilimwambia aziache zilivyo, aandike alichokiona. Nikamwambia hajaharibu chochote, maji ndivyo yalivyo, na nitamweleza kesho. Kisha nikaenda stoo ya vifaa, nikafunga mlango, nikakaa juu ya katoni. Niliona aibu ya kutoka nje nikiwa na uso ule.

Wacha nikueleze wewe nilichomweleza Dianah, maana ni haki yako kukielewa. Miaka saba umebeba mzigo wa jambo hili bila mtu kukukalisha chini akufafanulie.

Sisi wote hukua tukisikia kwamba mafuta na maji havipatani. Ukweli ni kwamba maji hayana chuki na mafuta. Chembe za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, kwa nguvu, kama watu walioshikana mikono. Chembe ya toluini ikiingia katikati yao, haina mkono wa kuwapa. Wale walio karibu nayo hawataki kuachana, kwa hivyo wanajipanga kuizunguka, kila mmoja akitafuta namna ya kusimama ili asipoteze mkono wa mwenzake. Wanafaulu, lakini hawako huru tena kugeuka watakavyo. Uhuru huo uliopotea ndio gharama, na ndiyo maana ni kidogo tu kinachoweza kuingia.

Kwenye maji baridi kujipanga huko ni rahisi. Wanashikana vizuri hata zaidi ya kawaida, na wakishikana hivyo wanatoa joto kidogo. Kitu kinachotoa joto kikiyeyuka, ukikipasha moto unakifukuza. Kwa hivyo kutoka nyuzi tano kwenda juu, toluini inapungua majini. Inapungua mpaka karibu na nyuzi kumi na saba, kumi na nane hivi. Hapo inasimama. Baada ya hapo mpangilio unalegea, sasa kuingia kunahitaji joto badala ya kulitoa, na ndipo inaanza kupanda kama sukari. Ukichora kwenye karatasi unapata mstari unaoshuka kidogo, unalala, halafu unapanda. Una kona. Ni kona ndogo, lakini haikosi.

Mimi mwaka ule sikuijua hiyo kona. Nilikuwa na digrii ya kwanza ya daraja la juu, Mami alikuwa amechinja mbuzi kwa ajili yangu, na sikuijua.

Sasa turudi nyuma. Nitaandika yale unayoyajua na yale usiyoyajua, yakifuatana.

Unakumbuka ni Baba Emmah aliyenitafutia nafasi katika maabara ile. Alimfuata Dkt. Okello, msimamizi wangu, akamwambia ana shemeji mwenye bidii. Mlikuwa mnaishi Membley wakati huo, katika ile nyumba yenye bustani ndogo nyuma, na wikendi nilikuwa nikija kufua kwenu na kula. Emmah alikuwa darasa la pili. Baba Emmah alikuwa fundi wa maabara miaka kumi na mmoja, na watu wote pale, hata maprofesa, walikuwa wakimwita kabla ya kuwasha mashine yoyote. Hakuwa na digrii. Alikuwa na diploma na mikono iliyotulia.

Upande wa joto nilipima mwenyewe. Ulibaki upande wa baridi: nyuzi tano, kumi na kumi na tano. Chupa zilitakiwa kuchotwa Jumamosi na Jumapili, na Alhamisi iliyofuata nilitakiwa kukabidhi kazi kwa Dkt. Okello. Wikendi hiyo ndiyo niliyokwambia niko hosteli, naumwa tumbo. Rachael, sikuwa naumwa. Nilikuwa Naivasha na marafiki, tumekodi nyumba kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mmoja wao. Baba Emmah alijua. Nilimwomba anichotee, akacheka, akasema, "Nenda, utakuwa kijana mara ngapi? Nitakuchotea." Nikamwomba asikwambie, kwa sababu ungeniuliza ni nani na nani nimekwenda nao. Akaahidi. Ahadi hiyo aliishika kuliko nilivyostahili.

Jumapili hiyo ndiyo Emmah alikuwa akisoma shairi lake la kwanza kanisani, programu ya watoto saa nane mchana. Hilo nililijua baadaye. Baba Emmah hakuniambia. Angeniambia nisingekwenda, au napenda kuamini hivyo.

Jumatatu asubuhi niliporudi, nilikuta karatasi mezani, kwa mwandiko wake ule wa kulala upande. Nyuzi tano, miligramu mia sita arobaini na nne. Nyuzi kumi, mia sita ishirini na nane. Nyuzi kumi na tano, mia sita ishirini na mbili. Nilizisoma mara mbili. Zilikuwa zinakwenda kinyume. Niliamua palepale kwamba amechota haraka, amebeba matone ya juu, ameniharibia. Kurudia kungechukua zaidi ya juma na mimi nilikuwa na siku tatu.

Unajua yaliyofuata kwa namna yalivyosemwa mbele ya watu. Siku ya kutetea kazi yangu, mtahini kutoka nje, Profesa Ndanu, alifungua ukurasa wa mchoro akaufuata mstari kwa kidole. Halafu akauliza kona iko wapi. Sikumwelewa. Akaeleza, bila ukali, haya niliyokueleza hapo juu. Akasema upande wa joto wa mchoro wangu ni mzuri, mtu alipima kwa uangalifu. Lakini upande wa baridi hakuna aliyepima. Mtu alichukua rula akaendeleza mstari. Aliuliza nani alichota chupa za baridi.

Nikasema ni fundi wa maabara. Nikasema nilikuwa mgonjwa.

Wiki iliyofuata wakaita kikao. Baba Emmah aliulizwa kama alikwenda kazini wikendi ile, akasema alikwenda siku zote mbili. Wikendi daftari la langoni lilikuwa halijazwi, askari alikuwa anamfungulia tu. Akaonyeshwa namba zilizo kwenye tasnifu, mia tano themanini na tano, mia tano tisini na nane, mia sita na tisa. Akazisoma, akasema, "Hizi si zangu." Wakamuuliza zake ziko wapi. Akasema aliziacha mezani kwa karatasi. Wakanigeukia mimi. Nikasema nilichoandika ndicho nilichokikuta.

Alinitazama, Rachael. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake akumbuke kitu alichosahau. Niliangalia meza. Hakutaja Naivasha. Angeitaja wangejua mimi ni mwongo, na kila kitu kingegeuka. Hakuitaja.

Wakaamua kwamba hakufika maabara, alibuni namba. Hawakumfukuza kwa jina la kufukuza, walikataa tu kuufanya upya mkataba wake. Mimi niliambiwa niondoe upande wa baridi wote kwenye kazi yangu, nibaki na ule wa joto. Nikapewa digrii. Nyinyi mkatoka Membley mkahamia Gatongora, Emmah akabadilishwa shule katikati ya muhula, na Baba Emmah akaanza kutengeneza friji.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe.

Zile namba mia tano themanini na tano na wenzake niliziandika mimi. Nilichukua rula kweli, kama alivyosema Profesa. Nilinakili kwenye karatasi safi, na ile ya Baba Emmah nikaikunja nikaitia mkobani. Nilijiambia ni kosa lake yeye na mimi nalirekebisha tu.

Lakini si hilo ndilo linalonitesa. Hilo lilikuwa ujinga na uvivu. Siku ya kutetea, Profesa Ndanu alipokuwa akieleza habari ya kona, mkoba ulikuwa miguuni pangu na karatasi ile ilikuwa ndani. Alipokuwa akisema kwamba kwenye nyuzi tano tungetarajia kuona namba kubwa kuliko kwenye kumi na tano, nilikuwa nazikumbuka zake kichwani, mia sita arobaini na nne, mia sita ishirini na nane, mia sita ishirini na mbili. Nilijua dakika ile ile kwamba Githae, mume wako, alipima sawasawa, na mimi ndiye niliyefuta ukweli nikauandika uongo. Ningeinama tu. Ningefungua zipu. Ningeaibika siku moja na yeye angetoka pale akiwa na kazi yake, pengine na sifa. Sikuinama. Nilikaa nimeubana ule mkoba katikati ya miguu, na nikakaa hivyo hivyo kwenye kikao cha wiki iliyofuata.

Halafu ukaja wewe. Ulikuja hosteli na chapati na ndengu kwenye hotpoti, ukakaa kitandani kwangu ukanishika mkono, ukaniomba msamaha. Uliniambia, "Nisamehe kwa vile mume wangu amekuaibisha mbele ya maprofesa." Nikasema haidhuru. Nikala chapati zako. Tatu.

Na mwezi mmoja baadaye ukaja tena, safari hii bila chakula, macho mekundu. Ukasema umemuuliza mara nyingi, na yeye anashikilia kwamba alikuwa maabara Jumapili nzima, kwamba umeme ulipotea ndipo akachelewa, ndipo akafika kanisani watu wakiwa wanakunja viti. Ukasema lakini kikao cha wasomi kimesema hakuwa huko. Ukaniuliza, "Idah, kama hakuwa maabara, alikuwa wapi? Na nani?" Nilikuwa mtu pekee duniani niliyeweza kukujibu. Nikakwambia, "Sijui."

Rachael, kila nikikumbuka neno hilo nataka ardhi ipasuke. Najua mlilala vyumba tofauti karibu mwaka mzima. Mami aliniambia. Najua hata baada ya kurudiana, akichelewa bado unamuuliza kwa ile sauti. Nimeisikia nikiwa mgeni kwenu, nikaendelea kunywa chai.

Karatasi hiyo sikuitupa. Sijui kwa nini. Mara nyingi nilikaribia kuichoma. Imekuwa kwenye bahasha moja na vyeti vyangu. Juma lile Dianah alipoleta namba zake niliitoa nikazilinganisha. Zake ni mia sita arobaini na saba, mia sita thelathini, mia sita ishirini na moja. Mwanamke anayeuza rangi na mwanamume anayetengeneza friji, hawajawahi kukutana, wamepima maji kwa kupishana miaka saba, na tofauti yao haizidi miligramu tatu.

Nimeiweka karatasi hiyo ndani ya barua hii. Si nakala, ni yenyewe. Utaujua mwandiko, na utaona wino umefifia penye mikunjo. Isome pembeni, si namba tu. Unajua alivyo, huandika saa ya kila kitu. Za nyuzi kumi na tano alizimaliza Jumamosi. Jumapili, saa tatu na robo asubuhi, nyuzi tano, chupa ya kwanza. Saa nne na nusu, chupa ya pili. Saa sita na dakika tano, nyuzi kumi. Halafu utaona ameandika hivi: saa saba na dakika ishirini, umeme umepotea, nimefunika tangi la nyuzi tano kwa blanketi na koti, nangoja. Saa nane kasoro kumi, bado. Saa nane na nusu, bado. Saa tisa na dakika tano, umeme umerudi, nyuzi tano tena, nachota ya mwisho. Na chini kabisa ameniandikia mimi: Idah, zimetoka namba za ajabu kidogo lakini nimeangalia mara mbili, ziko sawa, usizibadilishe kabla ya kumuuliza Dkt. Okello.

Angeondoka umeme ulipopotea angefika kanisani mapema na nafasi ibaki. Alikaa kwa sababu ya chupa zangu.

Jumanne iliyopita nilimfuata. Nilipiga simu kwa yule mwenzake wa duka la friji, akaniambia yuko Theta, kwenye kituo cha maziwa, mtambo wa kupoza umekataa. Nilimkuta amelala chini, mkono mmoja ndani ya mtambo mpaka begani. Akanisalimu vizuri kama siku zote, akauliza habari za Mami. Nikasimama pale nikamwambia yote, watu wa maziwa wakipita. Hakuacha kukaza skrubu mpaka nilipomaliza. Halafu akauliza kama karatasi ninayo. Nikaitoa. Akainuka, akatafuta kitambaa, akafuta mikono kidole kwa kidole kabla ya kuigusa.

Aliisoma muda mrefu. Akasema, "Mia sita arobaini na nne. Wajua kuna siku nilianza kufikiri labda niliota?" Akacheka kidogo, kisha akaenda nyuma ya mtambo akakaa huko. Nilisikia bomba likifunguliwa, akanawa uso.

Aliporudi nilianza kumwomba msamaha, akanizuia kwa mkono. Akaniambia, "Usiniambie mimi, Idah. Mimi nilikuwepo. Mwambie dada yako." Nikamwambia achukue karatasi akupelekee mwenyewe. Akanirudishia. Akasema akiileta yeye utasema ameiandika jana. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hilo ndilo lililonimaliza.

Jumatano nilipeleka barua kule chuoni tulikokuwa, nikaeleza yote na kuambatisha nakala ya karatasi, nikaomba jina lake lisafishwe kwa maandishi. Wamenipigia kwamba nifike tarehe ishirini na moja. Pengine watanipokonya digrii, na nikipokonywa sitafundisha tena. Mkuu wa chuo ninakofundisha nimeshamwambia. Dkt. Okello amestaafu, nilimpigia. Alisema yeye ndiye aliyetia sahihi barua ya kumwondoa Githae na hakumuuliza mara ya pili. Akasema atakuja siku hiyo akae upande wa Githae. Sikuambii haya unihurumie. Nakwambia ili usije ukayasikia kwa watu wengine, na ili ujue kwamba safari hii sikukuandikia wewe tu nikabaki salama kwingine.

Mami bado hajui. Nitakwenda kwake Jumamosi nimwambie mimi mwenyewe, mezani kwake. Emmah naye, sasa ni msichana wa gredi ya tisa, ana haki ya kujua kwa nini alihamishwa shule akiwa mdogo. Nikiruhusiwa kufika kwenu nitamweleza. Nisiporuhusiwa, mwambie, na usinipunguzie hata neno.

Sikuombi msamaha kwa barua hii. Ukinipa leo nitajua umenipa kwa mazoea, kwa sababu mimi ni mdogo wako na umenilea. Kaa na hasira yako kadiri unavyotaka. Nitakuwa hapa hapa Ngoingwa, simu yangu ni ile ile.

Nisalimie walimu wenzako wa nasari, nisalimie Mama Kinuthia wa jirani, na umwambie Emmah nampenda. Angalia mgongo wako. Mungu akutunze wewe na nyumba yako.

Na ukimaliza kusoma, usinipigie mimi. Jumapili mchana Baba Emmah huwa yuko nyumbani. Anza na yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Idah Nyokabi